Kabla Hujamwambia Mwenzako "Iko Sawa"

Mwenzako amekuletea karatasi mbili zenye insha yake, akakuomba uzipitie kabla hajazipeleka kwa mwalimu. Unazisoma harakaharaka, unamrudishia na kumwambia, "Iko sawa, rekebisha tu tahajia." Anashukuru na kwenda zake. Hakuna aliyevunjiwa heshima hapo, hakuna aliyeumia, na hakuna aliyesaidiwa. Kesho insha ileile, na udhaifu wake uleule, inaingia katika rundo la madaftari mezani kwa mwalimu.

Mwongozo huu nimekuandikia wewe uliyeombwa kusoma. Naamini kwa dhati kwamba msomaji wa darasa moja na mwandishi ana nafasi ambayo mwalimu mara nyingi hanayo. Mwalimu ana wanafunzi wengi na kipindi cha dakika 40. Mtahini wa taifa yuko mbali zaidi. Mtahiniwa wa KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari nchini Kenya, huandika insha mbili kwa saa moja na dakika 45 katika karatasi ya kwanza ya Kiswahili, kila moja kwa alama 20, na anayezisahihisha hamjui wala hawezi kumuuliza, "Hapa ulikuwa na maana gani?" Wewe unaweza kumuuliza. Mnaketi dawati moja.

Kwa hiyo usijifanye mwalimu mdogo. Mweleze mwandishi kilichokupata ulipokuwa ukisoma: ulivutwa wapi, ulipotea wapi, ulichoka wapi, wapi ulitamani kusikia zaidi. Yeye hawezi kuyajua hayo peke yake, maana kila anachokisoma kwenye karatasi yake tayari kiko kichwani mwake. Akishayasikia, uamuzi wa la kufanya ni wake.

Anza kwa kuuliza

Kabla hujasoma, muulize kazi imefikia wapi na anataka umwangalizie nini. Insha aliyoiandika jana usiku kwa mara ya kwanza haisomwi kama ile atakayoikabidhi baada ya saa moja. Ya kwanza bado inaweza kupanguliwa: aya ikahamishwa, mwanzo ukatupwa, mhusika akaongezwa. Ya pili inahitaji jicho la tahajia na majina tu. Ukimwambia mtu dakika za mwisho kwamba ameielewa mada vibaya, utakuwa umemtia hofu asiyoweza kuifanyia lolote. Ndiyo maana ni vizuri nyote wawili mzoee kubadilishana kazi zikiwa bado mbichi.

Kusomewa ukiwa bado njiani hakukuanza na wanafunzi wa leo. Ngũgĩ wa Thiong'o alikuwa mwanafunzi Makerere, akichapisha hadithi katika Penpoint, jarida la idara ya Kiingereza ya chuo hicho, wakati waandishi wa Kiafrika walipokutana hapo Kampala mwaka 1962. Alimpa Chinua Achebe mswada wake wa Weep Not, Child. Achebe aliusoma na kuufikisha kwa wachapishaji wa Heinemann, na kitabu kikatoka mwaka 1964. Achebe wakati huo tayari alikuwa mwandishi mwenye jina. Angeweza kusema hana muda.

Ukipewa kazi, isome mara ya kwanza bila kushika kalamu. Kalamu ikiwa mkononi, macho huanza kuwinda herufi zilizokosewa, na habari yenyewe inakupita. Ukimaliza, igeuze karatasi kifudifudi ujaribu kusema kwa sentensi moja insha ilikuwa ikisema nini. Ukishindwa, umekwisha kupata jambo la kwanza la kumwambia. Ukiweza, sentensi hiyo nayo mwambie, maana huenda siyo aliyokusudia.

Mara ya pili soma na penseli. Piga kistari kidogo pambizoni mahali palipokuvutia na alama ya kuuliza mahali ulipolazimika kurudi nyuma kusoma upya. Nasema penseli kwa sababu karatasi ni ya mwenzako, na pengine ndiyo hiyo hiyo atakayoikabidhi. Kalamu nyekundu mwachie mwalimu.

Mfano mmoja, tuutazame kwa makini

Mada ni ile ya kila mwaka: siku nisiyoweza kuisahau. Aya ifuatayo nimeitunga kwa ajili ya mwongozo huu, lakini yeyote aliyewahi kusoma insha za kidato cha pili ataitambua:

"Ilikuwa asubuhi yenye kupendeza. Jua lilikuwa likichomoza na ndege walikuwa wakiimba nyimbo tamu mitini. Niliamka na kujiandaa. Mama alikuwa mgonjwa. Tulikwenda hospitali na dereva aliendesha gari kwa kasi ya umeme. Tulipofika tuliambiwa tungoje. Tulingoja sana. Baadaye mama alitibiwa tukarudi nyumbani. Nilifurahi ghaya ya kufurahi. Wahenga hawakukosea waliposema baada ya dhiki faraja."

Msomaji wa haraka ataandika pembeni: "Utangulizi mzuri. Ongeza misemo. Tia bidii." Mwingine, aliyepania kuonyesha kwamba anajua, ataandika: "Insha haina mvuto. Umekariri. Hitimisho dhaifu." Wote wawili wamemwacha mwandishi pale pale alipokuwa. Wa kwanza amemsifu kwa sentensi ambazo si zake. Wa pili ana haki katika mengi, lakini hakusema ni neno lipi na mstari upi, na mwandishi hajui aanzie wapi zaidi ya kujiona hafai.

Sasa rudi kwenye aya uangalie ulipokuwa ukisoma ni nini kilitokea. Mimi nilisimama kwenye maneno mawili: "Tulingoja sana." Hapo ndipo siku yenyewe ilipo. Mtoto yuko hospitali na mama mgonjwa, wanangoja, na mwandishi amepita hapo kwa maneno mawili ilhali jua na ndege amewapa mstari mzima. Hilo ndilo la kumwambia kwanza, na namna bora ya kulisema ni kwa swali: "Mlipokuwa mkingoja, mlikuwa mmekaa wapi? Ulikuwa ukifanya nini?"

Tuseme anakujibu kwamba walikaa kwenye benchi ya ubao ukumbini tangu saa mbili asubuhi hadi saa saba. Kwamba mama alimwegemea begani na bega likafa ganzi, lakini aliogopa kusogea asije akamwamsha. Kwamba kila muuguzi alipotoka na faili alidhani litaitwa jina la mama. Anakueleza hayo kwa mdomo, bila kukariri, na wewe unamsikiliza hadi mwisho. Kisha mwambie: "Hayo uliyonieleza sasa hivi hayamo kwenye karatasi. Yaandike."

Nikiambiwa nichague jambo moja tu la kumfundisha msomaji mwenza, ningechagua hilo. Wanafunzi wengi wana habari nzuri midomoni na insha kavu mikononi, kwa sababu wameaminishwa kwamba insha ni mahali pa kupanga misamiati mizito. Swali la rafiki huitoa habari ilikojificha, na rafiki akiwa na akili atanyamaza kidogo baada ya kuuliza ili jibu lipate nafasi ya kutoka.

Kisha njoo kwenye jua na ndege. Hapa unahitaji uangalifu, kwani mianzo hiyo mwenzako hakuiokota barabarani. Alifundishwa, pengine akasifiwa kwayo shule ya msingi. Usimwambie amekariri. Mwonyeshe mgongano: "Asubuhi inapendeza na ndege wanaimba, halafu sentensi ya nne mama ni mgonjwa. Nilishindwa kujua nifurahi au nihuzunike. Asubuhi hiyo wewe ulisikia nini hasa?" Labda atasema alisikia mama akikohoa chumba cha pili. Huo ndio mwanzo wa insha.

Na "kasi ya umeme"? Ningeliacha mpaka mwisho, au nisingelitaja kabisa siku hiyo. Mtu akirudi kuandika upya habari ya benchi na bega, mengi ya namna hiyo huanguka yenyewe.

Methali ya kufungia ni jambo la kuzungumza. Methali ni mali yetu na sina ugomvi nazo. Lakini muulize kama anaiamini hapo ilipo. Mama alitibiwa, sawa, je, alipona? Ikiwa hakupona vizuri, basi faraja hiyo imeletwa kwa nguvu ili insha ipate kumalizika, na msomaji huihisi nguvu hiyo.

Angalia pia kwamba katika yote hayo hujamwandikia hata sentensi moja. Kishawishi kitakuja. Utaona aya inavyoweza kukaa vizuri na mkono utawasha kuiandika upya. Jizuie. Ukimwandikia, siku ya mtihani hutakuwapo, naye atakuwa amejifunza kwamba maneno mazuri hutoka kwa mtu mwingine. Kama lazima utoe mfano, utoe kwa mada nyingine kabisa.

Sifa nayo ni kazi

Wengi hudhani ugumu uko kwenye kukosoa. Kusifu vizuri ni kugumu vilevile, na hufanywa ovyo zaidi. "Nzuri sana" haimwambii mwandishi arudie nini kesho. Mwambie: "Pale uliposema bega lilikufa ganzi ukaogopa kusogea, nilimwona mama amelala." Sasa anajua kwamba jambo dogo la mwilini lilifanya kazi ambayo "nilimpenda sana mama yangu" isingeifanya, na mara nyingine atalitafuta la namna hiyo kwa makusudi.

Sifa ya uongo usiitoe hata kwa huruma. Wenzako wanakujua, wakikukuta unasifu kila kitu, hata lile zuri la kweli ulilowaambia litapoteza uzito. Katika kila kazi niliyopata kuisoma palikuwa na mahali angalau pamoja palipoishi, japo ni jina la mtaa au neno la bibi. Patafute mpaka upaone.

Kiasi nacho kipime. Ukimrudishia mtu karatasi yenye maoni kumi na tisa atashughulikia yale mepesi, yaani nukta na herufi kubwa, na kuyaacha yaliyo mazito. Chagua mawili makubwa. Ukiwa na la tatu, mwekee rasimu ijayo.

Insha za hoja, barua na mashairi

Insha ya hoja ina kipimo rahisi. Chukua kila aya uandike pembeni, kwa maneno yasiyozidi sita, inadai nini. Mwenzako anajadili kwamba simu zimewaharibu vijana kuliko kuwafaa. Ukimaliza kuandika pembeni unagundua aya ya pili na ya nne zote zinasema "simu hupoteza muda," na ya tatu haina dai lolote, ni malalamiko tu. Mwonyeshe orodha hiyo bila kuongeza neno. Ataliona mwenyewe. Kisha muulize swali ambalo mpinzani wake angeuliza: mvuvi au mkulima anayeulizia bei kwa simu kabla ya kwenda sokoni tumweke wapi? Insha ya hoja isiyomjibu mpinzani yeyote huwa nyepesi hata ikijaa takwimu.

Barua rasmi, ripoti na kumbukumbu za mkutano hazihitaji mjadala mrefu. Angalia umbo kwanza: anwani, tarehe, mada iliyopigiwa mstari, waliohudhuria, waliotuma udhuru, yatokanayo na kumbukumbu zilizopita, kufunga mkutano. Hapa hakuna cha maoni. Kipengele kipo au hakipo, na ukiona hakipo sema hivyo moja kwa moja.

Shairi ni habari nyingine. Mwenzako akikupa tarbia yenye vina vya kati na vya mwisho, amejifunga kwa hiari kwenye sheria ambazo Kaluta Amri Abedi alizieleza katika kitabu chake cha mwaka 1954, na hapo mizani huhesabiwa. Kama kila mshororo una mizani 16 na mmoja una 15, mtajie ubeti na mshororo bila kuzungukazunguka. Hesabu haina cha kumwonea mtu haya. Lakini akikupa shairi huru, usimhesabie. Euphrase Kezilahabi alipotoa diwani yake ya Kichomi mwaka 1974 aliacha vina na mizani kwa makusudi, na mabishano yaliyofuata kati ya wanamapokeo na wanamabadiliko yanajulikana kwa kila anayesoma ushairi wa Kiswahili. Una ruhusa ya kutopenda mashairi huru. Huna ruhusa ya kuipima kazi ya mwenzako kwa sheria ambayo haikuikubali. Shairi huru lina maswali yake: mstari umekatika hapa kwa nini, taswira hii inanipeleka wapi, ukimya huu umekusudiwa au umetokea tu?

Makosa ya lugha

Sasa ndipo tahajia na sarufi zinapoingia, mwishoni, na ni kwa sababu ya vitendo: hakuna faida ya kunyoosha sentensi ambayo kesho itafutwa pamoja na aya yake.

Watahini wa insha za KCSE wana desturi ya kufaa kuigwa. Kosa la sarufi hupigiwa mistari miwili na la tahajia mmoja, mara ya kwanza tu linapotokea. Fanya hivyo. Mwenzako akiandika "gari yangu" mahali patano, onyesha pa kwanza, mwambie upatanisho wa kisarufi unataka "gari langu," na kwamba yamebaki mengine manne ayatafute. Akiyatafuta mwenyewe atayakumbuka. Ukiyasahihisha wewe, atanakili.

Kuna aina moja ya makosa ambayo nakuomba uyashike kwa mikono miwili. Wapo wenzetu wanaochanganya r na l, wakaandika "barabala" au "kula" kwa maana ya kura. Wapo wanaoongeza h isipohitajika, "hakaenda," au kuidondosha inapohitajika, "apana." Wapo wanaoandika "zambi" kwa "dhambi." Mara nyingi makosa hayo yanatokana na lugha aliyonyonya nayo mtu maziwa, na darasani ndiyo yanayochekwa kuliko yote. Usimwige kwa sauti. Usiliseme mbele ya watu. Andika tu: "Angalia r na l katika aya ya pili, nimeona mahali patatu." Mtu akichekwa mara moja kwa jinsi kwao wanavyotamka, ataanza kukwepa kila neno lenye herufi hiyo, na insha yake itakonda.

Tena hakikisha kwanza kama ni kosa. Mwanafunzi wa Kenya huandika "shule ya upili," wa Tanzania "sekondari." Mhusika wa Mombasa akimwita mtoto kwa kusema "ndoo hapa," na wa Lubumbashi akisema "batoto," wanasema kama watu wa kwao wanavyosema, na mwandishi aliyewasikiliza vizuri hastahili kupigiwa mstari. Katika masimulizi yake mwenyewe ndipo usanifu unapodaiwa. Mkibishana, fungueni kamusi, iwe Kamusi ya Kiswahili Sanifu au Kamusi Kuu ya Kiswahili ya BAKITA. Msibishane kwa sauti ya nani ni kubwa.

Mwandishi ni mtu

Katika vyuo vyetu vya ualimu na vyuo vikuu, kijana wa miaka 21 anaweza kupewa asome kazi ya mtu aliyefundisha miaka mingi na sasa amerudi kujiendeleza. Ni mwenzake wa darasa, lakini pia anamwamkia shikamoo kila asubuhi. Vijana wengi katika hali hiyo huchagua kunyamaza, na kunyamaza huko wanakuita heshima. Mzee yule hakurudi darasani ili anyamaziwe. Kaa naye faragha, mwamkie kama ilivyo desturi, kisha omba: "Mwalimu, naomba kuuliza kidogo kuhusu aya ya tatu. Nilisoma mara mbili sikuona inavyoungana na ya pili." Heshima imo katika mahali, wakati na namna ya kuomba. Jambo lenyewe lisipunguzwe.

Kwa mwenye umri wako nako faragha ni muhimu. Maoni yanayotolewa mbele ya kundi zima huwa nusu yake ni ya kusikilizwa na kundi. Kama mwalimu amewapanga wanne wanne, msizungumze wote kwa wakati mmoja. Mmoja aseme alipovutwa, mwingine alipopotea, na yule ambaye hana jambo jipya asirudie la mwenzake kwa maneno makali zaidi.

Itatokea pia upewe kazi inayouma. Insha ya "siku nisiyoisahau" huleta misiba: kufiwa na baba, kufukuzwa nyumbani, kupigwa. Kabla ya yote mwambie mwenzako pole, na uwe unamaanisha. Kisha muulize kama anataka mzungumze kuhusu uandishi au anataka tu isomwe na mtu. Akitaka la kwanza, zungumza kuhusu karatasi: "Msimulizi anaondoka ghafla hapa, nilitaka kukaa naye kidogo." Neno "msimulizi" linampa nafasi ya kusogea hatua moja kutoka kwenye jeraha lake. Na uliyoyasoma yabaki kwako. Isipokuwa kama yanaonyesha kwamba mwenzako yuko hatarini sasa hivi. Hapo mtafute mwalimu wa ushauri nasaha au mtu mzima mnayemwamini, na mwambie mwenzako kwamba unafanya hivyo.

Na ukigundua amenakili kutoka intaneti au insha ya mwaka jana? Mwambie yeye, peke yake, kabla hajaikabidhi: "Aya hii haina sauti yako, na mwalimu ataona kama nilivyoona." Bado ana muda wa kuandika yake. Usimfichue, na usimfichie kwa kumsaidia kubadilisha maneno mawili matatu ili isijulikane.

Mashindano ya nafasi darasani husumbua watu. Mwenye nafasi ya pili huona kumsaidia wa kwanza ni kujichimbia shimo. Nafahamu inavyobana. Lakini anayesoma kazi za wenzake kwa makini huanza kuona kwenye karatasi yake mwenyewe yale aliyoyaona kwenye zao. Ukishamuuliza mtu "mlikaa wapi mlipokuwa mkingoja," huwezi tena kuandika "tulingoja sana" ukatulia.

Zamu yako ikifika

Ukiwa wewe ndiye unayesomewa, nyamaza na uandike anayosema. Usijitetee. Ukianza kueleza "nilikuwa na maana kwamba...", tayari umethibitisha kwamba karatasi haikusema. Uliza pale ambapo hukuelewa maoni, shukuru, kisha yaache yalale usiku mmoja. Asubuhi utajua lipi la kulifuata na lipi la kuliacha. Una haki ya kuliacha, maana hata msomaji mzuri hukosea dawa mara nyingi hata kama amepapata mahali panapouma. Wasomaji wawili wakikwama mstari mmoja, hata kama kila mmoja ametoa ushauri wake tofauti, mstari huo una tatizo.

Wiki hii, kabla insha inayofuata haijakusanywa, mwombe mtu mmoja darasani mbadilishane rasimu wakati wa kujisomea usiku. Nusu saa inatosha kwa karatasi mbili. Soma ya kwake bila kalamu, chagua mawili, muulize swali moja ambalo kwa kweli unataka kujua jibu lake, na umsikilize mpaka amalize.